Kibodi moja, kompyuta tatu: shajara ya meza ya gemu, Nkuhungu

Naandika kwa yeyote mwenye kompyuta zaidi ya moja mezani na nafasi ya kibodi moja tu, ambaye jioni anataka kucheza gemu bila kuchomoa na kuchomeka waya. Nitaongeza hapa kila hatua ikikamilika. Bei zote ni zile nilizolipa mimi.

Jumamosi, Juni 8, 2024: Tunapoanzia

Steshenari yangu iko Nkuhungu, Dodoma. Ni chumba kimoja, mlango unatazama barabara ya vumbi, na kaunta ina urefu wa sentimita 150. Juu yake kuna mashine tatu. Ya kwanza naiita Kazi: Windows 10, printa imechomekwa hapo, na barua zote na fomu za maombi ya ajira zinapita hapo. Ya pili ni laptopu yenye Linux Mint (mfumo mwingine badala ya Windows), ya kadi za harusi na mabango. Ya tatu ni Gemu: Windows 11, kadi ya picha ya mtumba, na skrini ya mtumba ya hertz 144 (yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde) ambayo mpwa wangu aliichagua mwenyewe akiwa likizo.

Sababu ya kutaka kibodi moja ni vumbi. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma hauna huruma, na mwaka jana kibodi mbili za bei rahisi zilikufa mikononi mwangu. Moja ilianza kwa kugoma herufi "n", ya pili kitufe kirefu cha kuacha nafasi. Safari hii nikanunua moja ya maana, ambayo vitufe vyake vinang'oleka na kusafishwa kimoja kimoja, pamoja na kipanya chenye vitufe viwili vya pembeni. Sina fedha ya kununua seti tatu za namna hiyo, na kaunta haina nafasi ya kuziweka. Kibodi na kipanya nilikuwa navyo kabla ya mradi, kwa hiyo sivihesabu kwenye gharama.

Jumapili, Juni 9: Barrier imeingia

Nimeanza na programu ya bure iitwayo Barrier, toleo la 2.4.0. Ilichipuka kutoka kwenye programu nyingine iitwayo Synergy, na inafanya hivi: mashine yenye kibodi na kipanya inakuwa seva, nyingine zinakuwa klayenti, na zinaongea kupitia mtandao wa ndani kwenye poti 24800. Ukisukuma mshale hadi ukingo wa skrini, unaibukia kwenye skrini ya jirani. Bando haliguswi.

Seva nimeifanya Kazi, kwa kuwa ndiyo inayowaka siku nzima. Kumbukeni uamuzi huu, maana ndio ulionigharimu miezi miwili.

Yaliyonikwamisha kwa ufupi: jina la kila kompyuta kwenye mpangilio wa seva lazima lilingane herufi kwa herufi na jina ambalo klayenti inajitambulisha nalo. Windows ikiuliza kama iruhusu programu kwenye mtandao, kubali kwa mtandao wa nyumbani tu. Pia seva ilikataa kuanza ikilalamika kwamba cheti, faili la Barrier.pem, hakipo. Wengi wakifika hapo wanazima usimbaji (ule ufichaji wa ujumbe ili mwingine asiusome) ili waendelee. Mimi nimekaa saa nzima nikitengeneza cheti kwa programu ya openssl. Wateja wananitajia nywila zao nikiwajazia fomu, na kila ninachochapa kwenye laptopu kinapita hewani. Siwezi kukiacha wazi.

Kwa kazi, raha tupu. Nanakili maandishi kwenye laptopu, nayabandika Kazi, nachapa.

Jumamosi, Juni 15: Mtu anazunguka

Jioni ya kwanza ya gemu. Ni gemu la kufyatua risasi, lile la kuona kwa macho ya mchezaji. Mpwa kakaa, kagusa kipanya.

"Mjomba, huyu mtu anazunguka kama pia."

Kweli. Ukisogeza kipanya upana wa ukucha, mchezaji anageuka mara tatu na kuishia akitazama mbingu. Tulipunguza kasi ya kipanya hadi mwisho, akawa anazunguka polepole. Hapo nikaelewa kwamba tatizo si kasi.

Baada ya kusoma na kujaribu, chanzo ni hiki. Barrier inaiambia klayenti *mahali* mshale ulipo. Gemu la aina hii halijali mahali. Linataka kujua mshale umesogea *kiasi gani*. Ili kulipata hilo, kila baada ya kusoma linaurudisha mshale katikati ya skrini, pikseli 960 kwa 540 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Seva haina habari kwamba mshale umerudishwa. Kwa hesabu zake bado uko, tuseme, pikseli ya 1200. Ukisogeza pikseli moja, seva inatuma "uko 1201", gemu linatoa 960 na kuona umesogea pikseli 241. Ukisogeza nyingine moja, linaona 242. Ndiyo maana hata mguso mdogo unamzungusha mtu.

Jumamosi, Juni 22: Barua ya wwwww

Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu limemgusa mtu asiyehusika.

Alhamisi jioni mzee mmoja wa mtaani alinipa barua yake ya kiwanja niichape, ataichukua asubuhi. Nikaiacha wazi kwenye Kazi, nimebakiza sahihi na tarehe. Tukawasha gemu kwenye mashine ya pembeni. Katikati ya mchezo kibodi ikawa haijibu kwa sekunde kadhaa, kisha ikarudi. Hatukulitilia maanani.

Asubuhi mzee akaingia na "Mbukwenyi" yake ya Kigogo, nikamwamkia shikamoo, nikabonyeza chapa, akakunja karatasi akaondoka. Saa nne akarudi. Aya ya pili, baada ya maneno "kiwanja namba", palikuwa na *wwwwwwwwddwwwwaa*, mstari mzima na nusu. Hizo ni herufi za kutembeza mchezaji. Alikuwa ameshaifikisha ofisini na kurudishwa nayo. Nilimwomba radhi, nikamchapia upya bila malipo, nikampa na nauli ya bodaboda, 2,000. Yeye aliishia kusema, "Kijana, mimi nilidhani ni namba za siku hizi."

Sababu ni ile ile. Kwa hesabu za seva mshale ulikuwa umefika ukingo wa kushoto wa skrini ya Gemu, ingawa gemu lilikuwa linaushikilia katikati. Seva ikahamisha kila kitu kwenda Kazi, na vitufe vyote alivyobonyeza mpwa vikaandikwa kwenye barua.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja, ila ina sehemu mbili, na ukisahau ya pili ya kwanza haifanyi lolote:

Kwanza, kwenye mpangilio wa juu wa seva, weka alama kwenye kisanduku cha "Use relative mouse moves". Hapo seva inatuma kiasi cha kusogea badala ya mahali.

Pili, ufunge mshale ndani ya skrini ya gemu. Kile kisanduku kinafanya kazi *pale tu* mshale unapokuwa umefungwa. Mimi nilikiweka Jumapili, nikaona hakuna mabadiliko, nikakitoa, na kupoteza wiki. Kitufe cha kufunga ni Scroll Lock. Kama kibodi yako ni fupi na haina kitufe hicho, andika mwenyewe kwenye faili la mpangilio wa seva, sehemu ya options:

relativeMouseMoves = true
keystroke(F9) = lockCursorToScreen(toggle)

Tangu hapo mchezaji anageuka anakotakiwa. Na tangu hapo barua ya mtu siiachi wazi.

Jumamosi, Juni 29: Wi-Fi imeondoka

Kuzunguka kumeisha, kukaja kuganda. Mpwa anakimbia, anaachia kitufe, mtu anaendelea kukimbia hadi ukutani, anasugua ukuta kidogo, halafu anasimama. Kipanya nacho kinaganda kisha kinaruka.

Nilifungua dirisha jeusi kwenye Kazi nikaipigia pingi mashine ya Gemu kwa dakika kumi, yaani kuitumia ujumbe mfupi na kupima inachukua muda gani kujibu. Mara nyingi ilijibu kwa milisekunde 2 hadi 4, safi kabisa. Kisha, kila baada ya muda, 60, 95, 140. Kwenye kuchapa barua huwezi kuhisi. Kwenye gemu la fremu (picha) 60 kwa sekunde kila fremu ina milisekunde 16.7, kwa hiyo 140 ni fremu nane zimepita bila habari yoyote kutoka mkononi mwako. Tena Barrier inatumia TCP, utaratibu wa mtandao wa kufikisha ujumbe wote kwa mpangilio: ujumbe mmoja ukipotea, ya nyuma yake yote inasubiri utumwe upya, halafu inamiminika kwa pamoja. Ule mruko wa kipanya ni foleni iliyofunguliwa. Na yule anayesugua ukuta anasubiri habari kwamba kitufe kimeachiwa, ipo njiani.

Nimevuta waya. Mita 12 za waya wa mtandao aina ya Cat6 kwa 1,200 kila moja, vichwa sita kwa 500, swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha waya za kompyuta) ya matundu matano 25,000, fundi wa kubana vichwa 5,000. Jumla 47,400. Swichi ni ya megabiti 100 na inatosha kabisa, ujumbe wa kipanya ni baiti chache. Usiuziwe ya gigabiti kwa ajili ya kazi hii peke yake.

Pingi sasa inasema "<1ms", yaani chini ya milisekunde moja, mstari baada ya mstari. Nimeitazama kwa dakika kumi nzima na haikubadilika.

Jumamosi, Julai 13: Vitufe vilivyokufa, na gemu lililokataa

Mambo mawili yanayofanana kwa nje lakini si ndugu.

La kwanza: gemu moja la zamani linahitaji kufunguliwa kwa ruhusa za msimamizi. Likishafunguka, kibodi na kipanya vinakufa papo hapo. Ukirudi kwenye eneo-kazi (desktop) la mashine hiyo hiyo vinafufuka. Windows hairuhusu programu yenye ruhusa za kawaida kupeleka vitufe kwenye programu yenye ruhusa kubwa. Kwenye mpangilio wa Barrier upande wa klayenti kuna chaguo la "Elevate". Nililiweka daima, likaisha. Dakika mbili.

La pili halikuisha. Ni gemu la mtandaoni la kushindana, lenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu. Kwenye menyu kila kitu kinafanya kazi. Mechi ikianza, kipanya hakigeuzi hata nyuzi moja. Ukweli ni kwamba kwenye klayenti hakuna kipanya; kuna programu inayotengeneza mwendo wa kipanya, na Windows inaubandika mwendo huo alama ya kuonyesha umetengenezwa. Gemu likitaka, linaisoma alama na kuutupa. Walioandika ulinzi huo wana haki: programu zinazolenga shabaha kwa niaba ya mchezaji hutumia mlango huo huo.

Ipo mijadala ya jinsi ya kupenya. Sijaigusa. Akaunti ya mpwa ina miaka miwili ya jasho, na ikifungiwa hakuna wa kumrudishia.

Nilipofika hapa nilitambua kwamba nilikuwa natibu dalili. Kuzunguka, barua ya mzee, kuganda, ruhusa, ulinzi: vyote vinatokana na kipanya kuchomekwa kwenye mashine isiyo na gemu. Kingechomekwa kwenye Gemu yenyewe, kingebaki tu kibarua cha kuzuia mshale usikimbilie skrini ya jirani.

Basi kwa nini nisiifanye Gemu kuwa seva? Nilijaribu. Inabidi iwake tangu saa mbili asubuhi ili Kazi ipate kibodi. Nilisoma mita ya LUKU siku mbili ikiwa imewashwa na siku mbili ikiwa imezimwa. Tofauti ni karibu uniti moja kila siku, pamoja na feni zake kunyonya vumbi mchana kutwa. Hapana.

Jumamosi, Julai 27: Kisanduku cha KVM, na 40,000 iliyopotea

Nimeagiza Kariakoo kisanduku cha KVM cha kompyuta mbili, 85,000, kikaja kwa basi kwa 5,000. Ukibonyeza, kibodi, kipanya na skrini vinahama kutoka mashine hadi mashine. Nilidhani nimemaliza.

Vitufe vya pembeni vya kipanya havikufanya kazi. Mpwa akasema kipanya kinahisi "kizito kama kimepita kwenye uji". Nikachukua programu ndogo inayohesabu ripoti za kipanya, yaani mara ngapi kwa sekunde kinaiambia kompyuta kimesogea. Kikichomekwa moja kwa moja kinaripoti mara 1000 kwa sekunde. Kupitia kisanduku, 125. Kisanduku hiki hakiunganishi kipanya chako na kompyuta. Kinajifanya chenyewe kuwa kipanya cha kawaida, kinasoma chako na kutafsiri. Faida yake ni kwamba kuhama ni papo kwa papo, maana kompyuta haioni kitu kikichomolewa. Hasara ni kwamba kisichokijua hakipiti. Ripoti 125 ni moja kila milisekunde 8, wakati skrini ya hertz 144 inataka fremu kila milisekunde 6.9. Kuna fremu zinazokuta mkono umesimama ilhali unakwenda, na jicho la mchezaji linaona.

Kibodi nayo: vitufe sita kwa pamoja, cha saba kinamezwa, wakati ikichomekwa moja kwa moja inapokea vyote.

Na moja ambalo sikulitarajia: kisanduku kinahama ukibonyeza Scroll Lock mara mbili haraka. Mimi kwenye Barrier nafunga mshale kwa Scroll Lock hiyo hiyo. Mara mbili nimejikuta nimehama mashine katikati ya kadi ya harusi. Kama utatumia vyote viwili, kufunga mshale kupeleke kwenye F9.

Ujanja uliosaidia nusu: kisanduku kina tundu moja la USB la pembeni, la flashi na printa, ambalo halitafsiri chochote. Nikachomeka kipanya hapo, ripoti zikarudi 1000 na vitufe vya pembeni vikafufuka. Kibodi ikakosa tundu.

Nimekiuza kwa mwenye ofisi ya uhasibu kwa 50,000, nikimweleza kasoro zote. Kwa hesabu zake kinamfaa sana. Nimepoteza 40,000.

Jumamosi, Agosti 10: Swichi ya USB

Wiki ya Nanenane nilikuwa nachapa lebo za waonyeshaji wa Nzuguni hadi usiku, mradi ukalala. Leo nimefunga kilichopaswa kuja mwanzo: swichi ya USB tupu, matundu manne, kompyuta mbili, kitufe kwenye waya mrefu. 48,000. Haitafsiri, haijifanyi kitu. Inahamisha njia tu, sawa na mkono unaochomoa huku na kuchomeka kule.

Kipanya kwenye Gemu: ripoti 1000. Vitufe vya pembeni vipo. Gemu la mtandaoni lililokataa limekubali bila swali, kwa sababu sasa linaona kipanya cha kweli. Barrier nimeiondoa kabisa kwenye Gemu. Imebaki kati ya Kazi na laptopu kwa ajili ya mchana, na hapo ndipo mahali pake.

Bei ya njia hii ni sekunde mbili. Ukibonyeza, Windows inavitambua vifaa upya ndipo vinaanza kujibu. Mteja akiingia jioni, mpwa anajificha nyuma ya ukuta ndani ya gemu, nabonyeza, nachapa, nabonyeza.

Jumamosi, Agosti 24: Kibodi inazimika yenyewe

Wiki mbili safi, kisha taa za kibodi zikaanza kupepesa na kibodi kupotea kwa sekunde moja, hasa usiku. Nilishuku vumbi, nikang'oa vitufe vyote, nikapuliza, nikafuta. Haikusaidia. Nilishuku swichi mbovu.

Kilichonifumbua macho ni kwamba haikutokea kamwe mchana, kibodi ikiwa Kazi. Waya wa kwenda Kazi ni mita 1.5. Wa kwenda Gemu niliurefusha kwa kiungio cha mita 3 ili upite nyuma ya kaunta. Swichi haina umeme wake, inanyonya kwenye kompyuta. Kupitia waya mwembamba wa mita nne na nusu, ukiwa na kibodi iliyowaka taa zote, kipanya na flashi, umeme unaofika umeshachoka. Nilizima taa za kibodi: saa mbili nzima bila tatizo. Nikaziwasha: dakika tano, ikapotea.

Swichi ina kitundu kidogo cha umeme ubavuni ambacho sikuwa nimekitazama. Adapta ya volti 5, 8,000. Nikahamisha pia mashine ya Gemu upande huu wa kaunta na kuondoa kiungio. Taa sasa zinawaka, na kibodi haijapotea tena.

Jumamosi, Septemba 14: Ilivyo sasa

Wiki tatu bila kugusa chochote. Nilichotumia tangu Juni, ukiacha ile nauli ya mzee: waya na swichi ya mtandao 47,400, hasara ya KVM 40,000, swichi ya USB 48,000, adapta 8,000. Jumla 143,400. Anayenakili leo aanze na swichi ya USB na adapta, 56,000, acheze wiki moja kwanza. Waya wa mtandao avute kama ana mashine ya tatu ya kazi na Wi-Fi yake inamsumbua.

Mpwa anarudi chuoni mwezi ujao na ameomba nimwachie nafasi ya laptopu yake kaunta hii akija Krismasi. Swichi niliyonayo ni ya kompyuta mbili. Ya kompyuta nne nimeulizia, 75,000, na muuzaji amekubali niijaribu na kipanya chetu palepale dukani kabla ya kulipa. Programu ya kuhesabu ripoti nimeshaiweka kwenye flashi.